Kutoka Kauli hadi Msimbo: Nafasi ya Lugha katika Kumbukumbu za Tathmini ya Kiharusi Kikali

Ikisiri

Kumbukumbu ya mgonjwa wa kiharusi kikali hupita katika hatua nne: kauli ya mgonjwa au ndugu zake, maandishi ya mtabibu, alama ya kipimo, na hatimaye msimbo wa uainishaji wa magonjwa. Makala haya yanachunguza hatua hizo kwa kuzingatia mazingira ambamo mahojiano hufanywa kwa Kiswahili na kumbukumbu huandikwa kwa Kiingereza. Yanaonyesha kuwa mambo ya lugha yanayochukuliwa kuwa madogo, kama vile maana ya kiambishi -me-, hesabu ya saa, majina ya miezi na maamkizi, yanaweza kubadilisha alama, msimbo na hata uamuzi wa tiba. Mwishoni yanatolewa mapendekezo ya namna ya kuandika kumbukumbu hizo.

1.0 Utangulizi

Kiharusi ni hitilafu ya ghafla ya ubongo inayotokana na kuziba au kupasuka kwa mshipa wa damu. Fasili iliyoenezwa na Shirika la Afya Duniani tangu miaka ya 1970 husisitiza mambo matatu: dalili ziwe zimejitokeza upesi, zidumu kwa zaidi ya saa 24 au zisababishe kifo, na pasiwepo chanzo kingine kinachoonekana isipokuwa cha mishipa ya damu. Katika mambo hayo matatu, mawili, yaani upesi na muda, hujulikana kwa njia ya masimulizi. Hakuna mashine inayoweza kusema mgonjwa alianza kuanguka lini. Husema mkewe, mwanawe, au jirani aliyemkuta uani.

Kwa hiyo, kabla kiharusi hakijawa picha ya ubongo au tarakimu katika jalada, huwa kwanza ni usemi. Ukweli huu una uzito wa pekee katika Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, kwa mfano, mtabibu humhoji mgonjwa kwa Kiswahili, huandika kwa Kiingereza, kisha karani wa takwimu hugeuza maandishi hayo kuwa msimbo wa herufi na tarakimu. Kila mvuko ni tafsiri, ingawa ni mvuko wa kwanza tu unaotambuliwa hivyo, na mara nyingi hata huo hautambuliwi.

Wataalamu wa istilahi wamejishughulisha kwa miaka mingi na swali la jina lipi lipewe dhana ipi. Kazi hiyo imezaa matunda, ikiwa ni pamoja na Kamusi ya Tiba iliyotolewa na TUKI mwaka 2003. Hata hivyo, suala linalojadiliwa hapa ni tofauti kidogo. Si upungufu wa majina ya kitaalamu. Ni jinsi maneno ya kawaida, ambayo kila msemaji anayajua, yanavyopimwa kwa mizani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake.

2.0 Vipimo na Mifumo ya Uainishaji

2.1 Kipimo cha Glasgow

Kipimo cha Glasgow kilichapishwa na Teasdale na Jennett mwaka 1974. Hukadiria kiwango cha fahamu kwa kutazama mambo matatu: kufumbua macho (alama 1 hadi 4), kujibu kwa maneno (1 hadi 5) na kujongeza viungo (1 hadi 6). Jumla ya chini kabisa ni 3 na ya juu ni 15.

Udhaifu wa kipimo hiki kwa mgonjwa wa kiharusi umo katika sehemu ya pili. Mgonjwa aliyepoteza uwezo wa kusema kwa sababu eneo la lugha katika ubongo limeathirika anaweza kuwa macho kabisa na kutii amri, lakini akapewa alama 1 ya maneno. Jumla yake itakuwa 4 + 1 + 6, yaani 11. Mgonjwa mwingine, mwenye usingizi mzito, anayefumbua macho akifinywa tu, anayejibu kwa kuchanganya mambo na anayesogeza mkono kuelekea mahali penye maumivu, atapata 2 + 4 + 5, ambayo pia ni 11. Watu hawa wawili hawafanani hata kidogo. Ndiyo maana mapitio ya mwaka 2014 ya kipimo hiki yalisisitiza kuwa sehemu tatu ziandikwe kila moja peke yake, na kwamba sehemu isiyoweza kupimwa, mathalani kwa mgonjwa aliyewekewa mpira wa kupumulia, iandikwe kuwa haikupimika badala ya kupewa alama 1.

2.2 Kipimo cha NIHSS

Kipimo cha pili ni cha Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kijulikanacho kwa kifupi NIHSS, kilichochapishwa na Brott na wenzake mwaka 1989. Kina vipengele 11, baadhi vikiwa vimegawanyika, na jumla yake huanzia 0 hadi 42. Hupima fahamu, mwendo wa macho, upeo wa kuona, uso, mikono, miguu, ulinganifu wa mwendo, hisia, lugha, matamshi na usikivu wa pande mbili za mwili. Kwa mgawanyo unaotumiwa mara nyingi, alama 1 hadi 4 ni kiharusi kidogo, 5 hadi 15 cha wastani, 16 hadi 20 cha kati na kikali, na 21 kuendelea ni kikali.

Inafaa kutambua kuwa 42 ni jumla ya hesabu tu. Mgonjwa aliyepooza viungo vyote vinne hupata alama 16 za viungo, lakini kwa kuwa hawezi kuvijongeza, kipengele cha ulinganifu wa mwendo, chenye alama 2, hupewa 0 kwa mujibu wa kanuni. Kwa hiyo mgonjwa aliye katika hali mbaya kuliko zote haipiti 40. Mfano huu unadhihirisha kuwa alama si kiasi cha ugonjwa kama kilo zilivyo kiasi cha mchele; ni matokeo ya kanuni zilizokubaliwa, na asiyezijua kanuni hawezi kuisoma tarakimu.

Kwa mtaalamu wa lugha, jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba alama 7 kati ya hizo 42 hutegemea lugha moja kwa moja: 2 za kujibu maswali, 2 za kutii amri na 3 za lugha yenyewe. Kinyume chake, kupuuza upande mmoja wa mwili, dalili ya kawaida ya kuumia upande wa kulia wa ubongo, kuna alama 2 tu. Kwa sababu hiyo kiharusi cha upande wa kushoto huonekana kikali kuliko cha kulia chenye ukubwa uleule.

2.3 Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa

Toleo la kumi la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa (ICD-10) liliidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1990. Humo kiharusi kiliwekwa katika sura ya magonjwa ya mfumo wa damu: I60 ni damu kuvuja chini ya utando wa ubongo, I61 ni damu kuvuja ndani ya ubongo, I63 ni sehemu ya ubongo kufa kwa kukosa damu, I64 ni kiharusi kisichobainishwa kama ni cha kuvuja au cha kuziba, na I69 ni athari zinazobaki baadaye. Toleo la kumi na moja, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 2022, lilikihamishia kiharusi katika sura ya magonjwa ya mfumo wa neva. Kiharusi cha kuziba kikawa 8B11, na kile kisichobainishwa kikawa 8B20.

Nchini Marekani, ambako toleo la nchi hiyo la ICD-10 lilianza kutumika Oktoba 2015, ukali wenyewe ulipewa msimbo mwaka mmoja baadaye. Kuanzia Oktoba 2016, alama ya NIHSS huandikwa kwa kundi R29.7, mgonjwa mwenye alama 18 huandikiwa R29.718. Msimbo huo hutanguliwa na ule wa aina ya kiharusi cha kuziba (I63), na alama inayotakiwa angalau ni ile ya kwanza mgonjwa anapofikishwa. Uchunguzi wa ugonjwa sharti uwe wa daktari, lakini alama yaweza kuchukuliwa kutoka maandishi ya muuguzi. Shabaha ni ya haki: hospitali inayopokea wagonjwa mahututi isionekane mbovu kwa sababu tu vifo vyake ni vingi. Lakini haki hiyo inasimama juu ya sharti moja, kwamba alama iwe imepimwa na kuandikwa sawasawa.

3.0 Kauli ya Ndugu

Neno kiharusi lenyewe halina utata mkubwa. Utata umo katika maneno yanayolizunguka. Kupooza ni dalili, lakini pia ni jina la ugonjwa. Na katika kampeni za chanjo ya watoto, ugonjwa wa kupooza umekuwa jina la polio. Usemi "alipata kupooza" unaweza kumpeleka msimbaji kwenye I64 au A80, magonjwa mawili yasiyohusiana. "Presha ilimpanda" hutaja sababu mahali pa tokeo. Asiyedadisi zaidi ataandika shinikizo la damu, I10, na kiharusi kitatoweka katika takwimu. "Upande umekufa" waweza kumaanisha kukosa nguvu au kukosa hisia, ilhali NIHSS ina vipengele tofauti kwa kila kimoja. Vivyo hivyo, "hawezi kusema" haibainishi kama ulimi ni mzito na maneno yapo, au maneno yenyewe yametoweka.

Maneno ya fahamu nayo yana ngazi zake. Kuzirai na kuzimia huashiria jambo la kupita. "Hana fahamu" ni hali inayoendelea. "Hajitambui" husemwa kwa aliyelala asiamke na pia kwa anayeweweseka huku macho yakiwa wazi. Mahututi hueleza hatari, wala si kiwango cha fahamu: mtu anaweza kuwa mahututi na bado akazungumza. Kulitafsiri neno hili kwa istilahi ya kukosa fahamu kabisa ni kumpa mgonjwa ugonjwa ambao hana.

Mfano ulio mzito kuliko yote unahusu sarufi. Kiambishi -me- huonyesha hali iliyotokana na tendo, bila kutaja tendo lilifanyika lini. "Baba amepooza mkono" ni sentensi sahihi kwa aliyepatwa asubuhi ya leo na kwa aliyepatwa miaka kumi iliyopita. Kwa msimbaji, hao ni watu wawili: wa kwanza ni wa I64, wa pili ni wa I69.4. Kwa daktari tofauti ni kubwa zaidi, maana udhaifu wa zamani ukihesabiwa kuwa mpya, alama huongezeka na mgonjwa aliyepatwa na jambo jingine huonekana ana kiharusi kikali. Swali la kuondoa utata huu ni fupi: "Jana mkono huu ulikuwaje?" Lakini sharti liulizwe, na jibu liandikwe.

Umuhimu wa kauli ya ndugu umethibitishwa na tafiti zilizofanywa Tanzania kwenyewe. Katika mradi wa uchunguzi wa maradhi na vifo vya watu wazima ulioanza mwaka 1992 huko Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, sababu za vifo zilitafutwa kwa kuwahoji wafiwa, kisha madaktari wakayasoma mahojiano na kuyapa misimbo. Kutokana na data za 1992 hadi 1995, Walker na wenzake (2000) walikadiria kuwa kwa watu wa miaka 15 hadi 64 wa Dar es Salaam, vifo vya kiharusi kwa mwaka vilikuwa 65 kwa kila wanaume 100,000 na 88 kwa kila wanawake 100,000. Huko Hai makadirio yalikuwa 44 na 33. Tarakimu hizi zilizoishtua dunia ya tiba zilijengwa juu ya maneno ya wajane, mayatima na majirani. Baadaye, katika uchunguzi wa 2003 hadi 2006, wagonjwa wapya wa kiharusi walitafutwa miongoni mwa wakazi wa Hai na wa Dar es Salaam. Viwango vilivyorekebishwa kwa umri vilikuwa 108.6 na 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka (Walker na wenzake, 2010).

4.0 Saa na Siku

Tiba ya kuyeyusha bonge la damu kwa alteplasi ilithibitishwa mwaka 1995 kwa wagonjwa wanaotibiwa ndani ya saa 3 tangu dalili kuanza. Mwaka 2008 ushahidi ulisogeza mpaka hadi saa 4 na nusu. Nje ya mpaka huo, kwa mgonjwa ambaye hakuchaguliwa kwa picha maalumu za ubongo, hatari ya kuvuja damu huzidi manufaa. Kwa hiyo saa ya mwisho ambayo mgonjwa alionekana mzima ndiyo habari yenye thamani kubwa kuliko zote katika jalada.

Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kuchomoza na kutua kwa jua; ya Kiingereza tangu usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti yake ni saa 6, yaani inazidi mpaka wote wa tiba. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mzee amefikishwa hospitali saa nne asubuhi, na mwanawe anasema alikuwa mzima hadi saa mbili. Muda uliopita ni saa 2, na mzee anastahili kufikiriwa kwa tiba. Mwandishi akiandika "2" bila neno jingine, msomaji wa Kiingereza ataona saa nane za usiku na kuhesabu saa 8. Mzee atanyimwa dawa. Mfano wa upande wa pili ni wa hatari zaidi. Mama amepatwa saa kumi na moja alfajiri na kufikishwa saa saba mchana: saa 8 zimepita. Ikiandikwa "11" tu, itaonekana zimepita saa 2, na dawa inayoweza kuua itaonekana halali.

Siku nayo ina mpaka wake. Katika desturi ya Waswahili wa pwani, siku mpya huanza jua linapotua, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa kalenda ya hospitali huo ni usiku wa Alhamisi. Usemi "usiku wa kuamkia Ijumaa" hauna utata, na mhojaji makini hulirudisha jibu kwa usemi huo ili lithibitishwe.

Aidha, swali "Ilianza saa ngapi?" huleta jibu la saa ya kugunduliwa. Aliyekutwa saa kumi na mbili asubuhi ameanguka kando ya kitanda huenda alipatwa wakati wowote usiku. Kanuni ya kitabibu huhesabu tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho. Kwa hiyo swali liwe: "Nani alimwona mzima mara ya mwisho, na ilikuwa wakati gani?"

5.0 Mtihani wa Kitandani

5.1 Mwezi na umri

Kipengele cha maswali katika NIHSS kina maswali mawili: mwezi huu ni upi, na mgonjwa ana umri gani. Jibu la kwanza ndilo linalohesabiwa, na jibu la kukaribia halipewi alama ya nafuu. Kwa Kiswahili swali la kwanza lina majibu mengi ya haki. Mmoja atasema "Aprili", mwingine "mwezi wa nne", na mzee wa Unguja au Lamu anaweza kusema "Mfungo Saba" au "Rajabu". Mtahini asiyeijua kalenda ya Kiislamu ataandika kosa, na mzee mwenye akili timamu ataonekana amechanganyikiwa. Kuhusu umri, wapo wazee wanaoueleza kwa tukio na si kwa tarakimu. Kipimo hakina nafasi ya jibu hilo. Lakini jalada linayo, na ndimo linamopasa kuandikwa.

5.2 Amri na heshima

Kipengele cha amri humtaka mgonjwa afumbe na kufumbua macho, kisha akunje na kukunjua ngumi ya mkono usiopooza. Kanuni huruhusu amri nyingine ya hatua moja ikiwa mikono haiwezi kutumika, na pia huruhusu kumwonyesha kwa vitendo asiyeitikia. Ruhusa hizi zina manufaa kwa Kiswahili. Muuguzi kijana anayemwambia bibi mzee "Fumba!" bila ya "tafadhali, bibi" huenda akapata ukimya wa kuudhika na si wa kutofahamu. Mwanamke anayeombwa ashike mkono wa mwanamume asiye maharimu wake huenda akakataa kwa sababu zake. Katika hali zote mbili alama ya kutotii ingekuwa kosa la mtahini.

5.3 Usemi uliozoeleka

Kwa upande mwingine, adabu inaweza kuuficha ugonjwa. Imejulikana tangu karne ya 19 kuwa aliyepoteza lugha anaweza kubaki na usemi uliozoeleka: kuhesabu, sala, viapo na maamkizi. Daktari akisema "Shikamoo, mzee", na mzee akajibu "Marahaba", hilo si ushahidi kwamba anaelewa. Jibu hilo limefunzwa tangu utotoni na hutoka lenyewe. Hali kadhalika kusoma Fatiha au kumalizia methali iliyoanzwa na mwingine. Maandishi "mgonjwa anaongea" yaliyotokana na maamkizi pekee yanaweza kumnyima mgonjwa alama 2 au 3 za kupoteza lugha, na pamoja nazo utambuzi wa ukali wa hali yake.

5.4 Matamshi na sarufi

Orodha ya maneno ya kupima matamshi imechaguliwa kwa sauti zake, ili midomo, ulimi na koo vifanye kazi kwa zamu. Kuyatafsiri maneno hayo kwa maana ni kazi bure. Toleo la Kiswahili halina budi kuchagua maneno kwa kigezo kilekile cha sauti, kama vile mama, tatu, kikapu na ng'ombe, na kuepuka yale yenye dh, th, gh na kh. Wasemaji wengi wa bara husema "zahabu" na "gali", na wengine hubadilishana r na l, bila ya ugonjwa wowote. Mtahini wa pwani angeweza kuihesabu lafudhi kuwa ulimi mzito.

Suala la upatanisho linafanana na hilo. Katika Kiswahili mzizi wa kitenzi hausimami peke yake. Hakuna anayesema -pik- tu. Kwa hiyo kuvunjika kwa sarufi kunatazamiwa kujitokeza zaidi kwa kukosea viambishi kuliko kwa kuviacha: "kitabu mkubwa" badala ya "kitabu kikubwa". Lakini usemi wa namna hiyo ni wa kawaida katika baadhi ya lahaja za Kongo na za miji ya bara. Hakuna njia ya kuubaini ugonjwa hapa isipokuwa kumuuliza ndugu: "Ndivyo alivyokuwa akisema siku zote?"

5.5 Mkono unaotumika zaidi

Misimbo ya Marekani ya kupooza nusu ya mwili hutofautisha upande unaotumika zaidi na ule mwingine. Kwa Kiswahili swali hili lina mtego, maana jina la upande wenyewe, mkono wa kulia, limekwisha kutoa jibu: ndio mkono wa kulia chakula. Mwenye kutumia kushoto naye hula kwa kulia kwa sababu ya malezi. Swali lifaalo ni la kazi: hushika panga kwa mkono gani, hurusha jiwe kwa mkono gani.

6.0 Kutoka Tarakimu hadi Msimbo

Msimbaji hamwoni mgonjwa. Husoma yaliyoandikwa, na haruhusiwi kukisia yasiyoandikwa. Ikiwa hakuna picha ya CT, daktari mwaminifu huandika kiharusi bila kubainisha aina, na msimbo wa haki ni I64. Msimbo huu mara nyingine hudharauliwa kuwa ni alama ya kazi duni. Kwa hakika ni kinyume chake: unatamka waziwazi kwamba chombo cha kubainishia hakikuwepo. Anayeandika I63 kwa kukisia huipa takwimu ya taifa uhakika wa bandia. Toleo la Marekani halina I64 na hukipeleka kiharusi kisichobainishwa kwenye I63.9; hivyo kulinganisha takwimu za nchi mbili bila kujua jambo hili ni kupotoka.

Kosa jingine ni la nafasi tupu. Kipengele ambacho hakikupimika kwa sababu halali, kama vile matamshi ya aliyewekewa mpira wa kupumulia, huandikwa kuwa hakikupimika pamoja na sababu yake. Nafasi ikiachwa tupu, anayejumlisha huihesabu kuwa sifuri, na sifuri katika NIHSS maana yake ni uzima. Kwa njia hiyo mgonjwa aliye taabani huweza kuonekana nafuu kuliko mwenzake anayeweza kulalamika.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, yafaa kumbukumbu za kiharusi kikali ziandikwe kwa kufuata mambo yafuatayo:

(a) Kauli ya kwanza ya ndugu iandikwe kwa Kiswahili kama ilivyosemwa, kabla ya tafsiri.

(b) Wakati uandikwe kwa mtindo wa saa 24, na pembeni usemi wa Kiswahili wenye neno la wakati: asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri.

(c) Lugha iliyotumiwa katika mtihani itajwe, pamoja na aliyetafsiri kama alikuwepo.

(d) Majibu ya mwezi na umri yaandikwe yenyewe, si alama pekee.

(e) Alama za kila kipengele zitunzwe. Jumla isisimame peke yake.

(f) Kisichopimika kisiachwe wazi wala kisipewe sifuri.

(g) Hali ya mgonjwa kabla ya siku hiyo, ya viungo na ya usemi, iulizwe na kuandikwa.

Hakuna pendekezo hata moja kati ya haya linalohitaji mashine. Yanahitaji mstari mmoja au miwili zaidi katika karatasi, na mafunzo yanayomchukulia muuguzi na karani kuwa wafasiri, kama walivyo kwa kweli.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa msimbo wa kiharusi kikali ni mwisho wa mnyororo wa tafsiri, na kwamba pingu ya kwanza ya mnyororo huo imefuliwa kwa Kiswahili. Vipimo vya Glasgow na NIHSS vimesaidia sana kuwafanya watabibu wa nchi mbalimbali waelewane. Hoja iliyotolewa hapa haivipingi. Inachosisitiza ni kwamba kipimo hakiwezi kuwa sahihi kuliko maneno yanayokiingia. Wanaisimu wana kazi hapa isiyoishia katika kubuni istilahi: kutayarisha maneno ya kupimia matamshi yanayovumilia lahaja, kuyafanyia uchunguzi majibu ya wazee wazima kabla ya kuyahukumu ya wagonjwa, na kueleza jinsi Kiswahili kinavyovunjika ubongo unapoumia. Kazi hiyo ikiachwa, ataendelea kuwapo mzee mwenye akili zake anayetaja mwezi kwa usahihi na kuandikiwa kuwa hajui, na mwingine anayeitikia "Marahaba" na kuandikiwa kuwa anaelewa.